Daktari Aliyetangazwa na Phelister

Simu ilipolia, Oketch alikuwa juu ya ngazi nyuma ya nyumba yao Komarock, jijini Nairobi, kichwa chake kikiwa ndani ya tangi la maji, akimgombeza fundi ambaye hakuwepo. Fundi huyo aliahidi kufika alfajiri, na sasa jua lilikuwa limeshaanza kuchoma mgongo. Oketch aliitoa simu mfukoni, akaliona jina la mkewe, na hasira yote aliyokuwa amemwekea fundi akaihamishia huko.

"Nyar Gem, usiniulize kitu!" alisema, maana tangu ujana wao alimwita hivyo, binti wa Gem, huko alikozaliwa. "Fundi wako hajafika. Yule uliyeniambia ni ndugu katika Bwana, huyo huyo. Hajafika, na simu hashiki. Siku nyingine niletee mpagani anayejua saa."

Upande wa pili zilisikika kelele za soko la Muthurwa, mtu akinadi soksi, kisha sauti ya mwanamume ikaja polepole.

"Mzee, samahani. Si mama. Ni Mahad, muuza mapazia wa kando yake."

"Simu ya mke wangu inafanya nini kwako?"

"Mzee, umekaa?"

"Niko juu ya ngazi."

"Basi shuka kwanza, mzee wangu. Tafadhali shuka."

Oketch akashuka. Alipokanyaga chini Mahad akamwambia. Phelister alikuwa anampimisha mtoto viatu. Alisema kifua kinambana, akaketi juu ya gunia la mitumba, akaomba maji. Kabla maji hayajafika alikuwa ameinama. Mahad na wenzake walimbeba mbiombio hadi hospitali, na daktari aliyempokea aliwaambia wamemleta ameshaenda. Mahad alipofika hapo akashindwa kuendelea, akaanza kulia kwa sauti, na Oketch ndiye aliyejikuta anambembeleza.

Hivyo ndivyo habari ya kifo cha Phelister ilivyoingia nyumbani kwake. Ilimkuta mumewe ameudhika, na kusema kweli, katika ndoa ile ndefu Phelister alikuwa amemwacha Oketch ameudhika mara nyingi kuliko vinginevyo.

Si kwamba alikuwa mwanamke mbaya. Watu wa Komarock na wa Kayole watakuambia hakuna msiba ambao hakuupikia, wala mgonjwa ambaye hakumtembelea. Aliuza viatu vya mitumba vya watoto, na mtoto aliyeletwa miguu mitupu hakuondoka miguu mitupu. Udhia wake ulikuwa mmoja tu: kutangaza.

Kanisani kwao kuna desturi ya kutangaza kwa imani. Mtu hangoji jambo litimie ndipo ashukuru. Husimama mbele ya waumini akashukuru kana kwamba limeshafanyika, nao huitikia amina, na kuanzia hapo jambo hilo linakuwa la kanisa zima. Oketch ni mzee wa kanisa na imani yake si ya mchezo. Hakuwa na neno na desturi hiyo. Aliyemshinda ni mkewe, ambaye aliitumia kama chumvi. Alipotangaza gari, alimfanya Oketch ang'oe maua yote mbele ya nyumba ili pawe na mahali pa kuliegesha. Gari halikuja, na pale paligeuka uwanja wa kuanikia nguo. Kijana wa jirani aliyeshindwa hata kuunganisha mtungi wa gesi, Phelister alimwita Injinia kila asubuhi langoni, bila kucheka, mpaka kijana akawa anapitia njia ya nyuma.

Binti yao Jacklyne alipopata nafasi ya kusomea udaktari, Phelister hakutangaza daktari hivi hivi. Alitangaza daktari wa upasuaji. Akampeleka mtoto kwa mshonaji, akamshonea koti jeupe, kifuani pakatariziwa kwa uzi wa bluu: Dkt. Jacklyne, Upasuaji. Wakati huo Jacklyne alikuwa hajamshika hata chura wa maabara. Lakini kanisa lilikuwa limeshaitikia amina, na tangu Jumapili hiyo wakawa wanamwita Daktari wa Kisu. "Daktari wa Kisu, mama hajambo?" "Daktari wa Kisu, goti langu hili utalifungua lini?"

Oketch hakulicheka sana hilo, kwa kuwa alijua lilikotoka. Zamani, kabla Jacklyne hajazaliwa, mdogo wake Phelister alikufa na mtoto tumboni katika hospitali moja ya huko magharibi. Alihitaji kupasuliwa, na hakupasuliwa. Kaka yao, Zedekiah, ndiye aliyempeleka, na ndiye aliyerudi na habari kwamba daktari hakuwepo. Phelister alimlilia Mungu juu ya jambo hilo miaka mingi. Alitaka daktari mwenye kisu atoke nyumbani kwake. Mama wa namna hiyo utamkataza nini?

Mwaka wa tano, chuo kikawapa wanafunzi wiki za mafunzo ya kujichagulia. Kila mmoja achague idara moja, akakae huko, aionje kazi yenyewe, ili siku ya kuamua atabobea katika nini asiamue kwa kubahatisha. Jacklyne hakuwa na wasiwasi, angechagua upasuaji. Kuchagua kwenyewe kulifanyika kwa simu, asubuhi ya siku fulani, na wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kupata.

Asubuhi hiyo Phelister alimpeleka binti yake kanisani, akaombewe ili apate upasuaji.

"Mama, ngoja nichague kwanza, dakika tu," Jacklyne alimsihi pale mlangoni.

"Utachaguaje kabla ya kuombewa? Zima simu. Zimeni simu nyote, tusisumbuliwe."

Akina mama wa maombi walimzunguka, wakamwekea mikono, wakaomba kwa bidii sana. Dada mmoja akapokewa na mwingine. Oketch, ambaye alikuwa ameambiwa mapema jinsi uchaguzi ule unavyofanyika, alifungua jicho moja akaangalia saa ya ukutani, akakohoa, akatazamwa vibaya, akalifumba. Waliposema amina ya mwisho na Jacklyne akawasha simu, upasuaji ulikuwa umejaa. Magonjwa ya watoto yamejaa. Macho, ngozi, moyo, vyote vimejaa. Ilibaki nafasi moja ya nusukaputi, ile dawa ya kumlaza mgonjwa usingizi asisikie kisu, katika hospitali ya misheni upande wa Ukambani.

Oketch alitoka nje akautukana mti. Phelister hakutikisika.

"Si ni chumba kile kile? Wewe simama karibu na mwenye kisu, uangalie mikono yake. Mungu hajakosea."

Jacklyne akaenda, na aliporudi hakuwa yule aliyeondoka. Alikaa mezani akasimulia mpaka chai ikapoa, yeye ambaye kwa kawaida hujibu kwa neno moja.

"Baba, hapa mjini tulipokuwa kwenye upasuaji tulikuwa wengi kama watu kwenye foleni ya maji. Unajua nilichoona? Mgongo wa daktari. Mgongo tu. Kule nilikuwa peke yangu na Daktari Kweyu, yule wa nusukaputi. Kwa kila mgonjwa ananiita niende kichwani pake. Kuna mzee aliletwa anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Daktari Kweyu akaanza kumuuliza habari za ng'ombe wake. Yupi anatoa maziwa, yupi mkaidi. Mzee anahesabu ng'ombe, anahesabu, akalala katikati ya jina la ng'ombe. Kisha Daktari Kweyu akanishikisha mfuko wa kupumulia. Nikawa naubonyeza, kifua cha mzee kinapanda. Nikiacha, hakipandi. Nilikuwa napumua kwa niaba yake, baba! Mwenye kisu alikuwa ameinama kule chini na kazi yake. Hakuna aliyekuwa anautazama uso wa mzee isipokuwa sisi wawili."

"Na kisu?" Phelister aliuliza.

"Mama, nimepata ninachotaka. Nikimaliza chuo nitasomea nusukaputi."

Phelister alikiweka kikombe chini. "Watu hulala hata bila daktari. Baba yako hulala mahubiri yakiendelea, na hakuna aliyemdunga sindano."

Mjomba Zedekiah alipopata habari, akaja kutoka Kayole siku hiyo hiyo, akacheka mpaka akajifuta machozi. "Yaani tumeomba miaka yote hii tupate wa kubembeleza watu walale? Mpwa wangu, hiyo ni kazi ya yaya!"

"Mjomba, kulaza si kazi. Kazi ni kumwamsha," Jacklyne alimjibu. "Ukitaka, nikuonyeshe nusu ya kwanza tu."

Tangu hapo nyumba haikukalika. Phelister aliendelea kanisani na Daktari wa Kisu wake kana kwamba hajasikia. Jumapili moja alipomwita asimame apungiwe mikono, Jacklyne akabaki ameketi, akiitazama Biblia yake. Mama alirudi nyumbani amefura. Wakaacha kusemezana, na Oketch akageuzwa daraja.

"Mwambie binti yako kuna mboga kwenye sufuria."

"Baba, mwambie mke wako nimeshakula."

"Mwambie aliyeshiba kwa kiburi hulala njaa."

Wote watatu walikuwa jikoni, na jiko lenyewe mkiwa watatu hamgeuki bila kukanyagana. Oketch aliwaambia kwamba alistaafu kazi ya reli ili apumzike, si kupeleka ujumbe huku na huku, wala hakuajiriwa tena. Hawakumsikia. Aliomba Mungu ampe mmoja wao unyenyekevu, na kama ni vigumu kuwapa wote wawili basi hata huyo mmoja. Alikuwa bado anaomba hivyo Mahad alipopiga simu.

Msiba ulijaza nyumba. Viti vya plastiki vikapangwa pale palipokusudiwa gari, na kila jioni kamati ya mazishi ikakutana sebuleni, Zedekiah akiwa mwenyekiti. Siku ya kupanga ratiba, Mchungaji Thuo alisoma mambo yatakavyofuatana: nyimbo, wasifu wa marehemu, mahubiri. Kisha akasema, kwa upole wake wa kawaida, "Halafu Daktari Jacklyne atavaa lile koti aliloshonewa na mama yake. Atakuja mbele, aweke mkono juu ya jeneza, aape mbele ya Mungu na kanisa kwamba atakuwa daktari wa upasuaji. Ili mama yetu alale akiwa ametimiziwa."

"Amina!" kamati ikaitikia. Zedekiah aliitikia mara mbili.

Oketch alimkuta binti yake jikoni amesimama na birika tupu mkononi. Alikuwa amesikia.

"Baba, usiniache niape."

"Ni maneno tu, mama. Watu wana majonzi. Sema, waridhike, baadaye..."

"Hakuna baadaye. Mkono wangu ukiwa juu ya mama, mbele ya Mungu, unadhani nitageuka? Nitashika kisu mpaka nizeeke na nitakichukia. Wewe unanijua."

Oketch alimjua. Huyo ndiye mtoto aliyeahidi kutokula sukari wakati wa mfungo, akaikataa hata keki ya siku yake ya kuzaliwa. Kiapo kingemfunga kweli. Kumzuia nako kungekuwa kumvunjia mkewe heshima mbele ya watu wote, wakati mwenyewe hawezi tena kujitetea. Alitoka nje ameudhika na Phelister kama vile bado yuko sokoni na atarudi jioni amjibu. Umefanya nini, Nyar Gem? Umetangaza, umeondoka, umeniachia watu na amina zao.

Zedekiah alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, anajipepea na kofia. Oketch akakaa kando yake. Hakuwa na mpango wowote. Alitaka tu kujua vizuri ni kitu gani hasa alichokuwa anakipinga.

"Shemeji, nieleze ile siku ya mdogo wenu. Nilisikia kwa Phelister tu, sijawahi kusikia kwako."

"Ya nini leo?"

"Nieleze."

Zedekiah akatazama chini. "Tulifika mchana. Wakamwingiza chumba cha upasuaji. Mimi nikabaki koridoni. Daktari wa kisu akatoka, amenawa, amevaa glavu, mikono ameiinua hivi. Akawa anawafokea wauguzi. Akaingia, akatoka tena, anafoka."

Oketch alimgeukia. "Unasema daktari wa kisu alikuwepo?"

"Alikuwepo. Aliyekosekana ni wa kumlaza. Alikuwa mmoja tu kote kule, na siku hiyo alikuwa amepelekwa hospitali nyingine. Tukangoja. Daktari wa kisu alikuwa kijana, alilia pale koridoni kama mtoto."

"Na Phelister ulimwambia nini?"

"Nilimwambia daktari hakuwepo! Ningemwambia nini? Nilikuwa na maiti ya dada yangu, shemeji, sikuwa na nguvu ya kueleza ni daktari yupi. Daktari ni daktari."

"Zedekiah! Na hapa mezani kwangu ulicheka ukasema ni kazi ya yaya!"

"Sikuiwaza hivyo," alisema Zedekiah, na kweli uso wake ulionyesha kwamba ndio kwanza anaiwaza. Lakini ukaidi ule wa Gem haukuwa wa Phelister peke yake. "Hata hivyo, marehemu alisema kisu. Sisi hatuwezi kumbadilishia."

Siku ya ibada ya kumuaga pale Komarock, kanisa lilijaa mpaka nje. Wenzake wa Muthurwa walikuja kwa wingi, na Mahad alisimama na vijana waliombeba marehemu hospitali. Wasifu ukasomwa, kwaya ikaimba. Mchungaji Thuo akalikunjua koti jeupe, akalinyanyua watu walione, akasema, "Daktari wetu, njoo mbele."

Jacklyne alisimama. Oketch akasimama pia. Hakuwa ameandaa maneno, na alikuwa amechoka.

"Mchungaji, nivumilie kidogo. Jack, keti."

Watu wakageuka.

"Mke wangu alimwomba Mungu ampe daktari, kwa sababu ya mdogo wake aliyekufa bila kupasuliwa. Sisi sote tunaijua habari hiyo, na tunaijua nusu. Siku ile mwenye kisu alikuwepo, na kisu chake mkononi. Hakuwepo wa kumlaza mgonjwa na kumrudisha. Kaka yake ameketi pale, muulizeni. Mtoto huyu alipelekwa akajifunze kazi hiyo siku ile tulipomzimia simu tumwombee. Wengi wenu mlikuwepo, mikono yenu ilikuwa juu ya kichwa chake. Ameipenda. Basi mimi sitaki aape hapa."

Minong'ono ikapita. Mama mmoja wa maombi akasema kwa sauti kutoka kwenye benchi lake, "Lakini mzee, si marehemu alitangaza?"

"Alitangaza, mama. Na mimi niliitikia amina, tena kwa nguvu kuliko wewe. Leo nasema hapana. Kama nimekosea, Mungu ndiye nitakayemjibu, na nikifika huko Phelister ataniuliza pia. Nina hakika ataniuliza. Sasa tuendelee, jua linakwenda."

Mchungaji Thuo alimtazama Zedekiah, na kanisa zima likamtazama. Zedekiah akainama akaufunika uso wake kwa kofia. "Ndivyo ilivyokuwa," alisema humo humo ndani ya kofia. Mchungaji akalikunja koti, akaomba, na ratiba ikaendelea na mahubiri.

Wengine hawakupendezwa, na waliyasema hayo kwenye basi njia nzima ya kwenda magharibi. Zedekiah hakumsemesha shemeji yake mpaka walipopita Kisumu, akampa chupa ya maji bila kumtazama.

Phelister alizikwa kesho yake Ugenya, katika boma la Oketch, upande wa kushoto wa mlango wa nyumba yake. Jacklyne alipewa nafasi ya kusema. Alisema mama yake alimfundisha kuomba, kwamba waliachana wakiwa hawasemezani, na kwamba anamwomba msamaha kwa kunyamaza, ila si kwa kuchagua. Hakusema zaidi. Jeneza likateremshwa kwa kamba. Mchungaji Thuo akaomba, akatupa udongo kwanza. Oketch akafuata, kisha Jacklyne, kisha Zedekiah, kisha Mahad, ambaye alikuwa amesafiri nao kutoka Nairobi. Vijana wakashika majembe wakafukia. Akina mama wakapanga maua juu ya udongo, msalaba ukasimikwa upande wa kichwa, na kwaya ikaimba mpaka kazi ikaisha. Oketch alibaki amesimama pale pamoja na binti yake, watu walipoanza kwenda kunawa mikono.